Kanuni Iliyojificha Ndani ya Namba

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza nchini Uganda mwaka 2020, unawataka wanafunzi wa kidato cha kwanza wajifunze mifuatano ya namba. Somo hilo limeingia pia katika nyumba za kambini, kwani mtoto arudipo na daftari lake humwendea baba au mama aliyevua magwanda sasa hivi, na swali lake huwa la namna hii: 4, 7, 10, 13, je, namba ya mia moja ni ipi? Wako wazazi wamfukuzao kwa kumwambia kwamba hesabu ni kujumlisha na kutoa, na mengine ni michezo. Sisi hatukubaliani nao.

Namba hizo zatokana na njiti za kiberiti. Miraba ikipangwa katika safu moja, kila mmoja ukishiriki ubavu na mwenzake, mraba wa kwanza huhitaji njiti 4, miraba miwili 7, mitatu 10. Mtoto huona upesi kwamba zaongezeka 3, naye hudhani amekwisha. Lakini kwa ujuzi huo peke yake atalazimika kupanda ngazi moja moja hadi ya mia. Mwingine, akitafuta njia ya mkato, huhesabu njiti za miraba 10, akapata 31, kisha huzidisha kwa 10 na kuandika 310. Kosa hilo ni la kawaida mno, na hata watu wazima hulitenda. Jibu ni 301. Njiti ya kwanza, ile ya kufungulia safu, ni moja tu. Baada yake kila mraba hudai 3. Aliyeandika 310 ameihesabu njiti hiyo mara kumi. Mtoto akiweza kusema maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, hata kama hajaandika herufi moja ya aljebra, ameipata kanuni.

Askari aliyewahi kujenga ua wa seng'enge analijua jambo hili kwa mikono yake. Ua ulionyooka wa meta 100, wenye nguzo kila baada ya meta 10, hutaka nguzo 11, si 10. Lakini ua huo huo ukizungushwa hata mwisho wake ukakutana na mwanzo, nguzo 10 zatosha. Kadhalika gwaride. Watu 9 waliopangwa tatu kwa tatu wakitaka kuwa mraba wa nne kwa nne, huhitaji watu 7 zaidi: 3 ubavuni, 3 nyuma, na 1 wa kuziba pembe. Ndiyo maana 1, 4, 9 na 16 zapishana kwa 3, 5 na 7.

Hata hivyo hatuna budi kuonya. Chora duara, weka nukta ukingoni mwake, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, kisha uhesabu vipande. Nukta 1 hutoa kipande 1. Nukta 2, vipande 2. Nukta 3, vipande 4. Nukta 4, vipande 8. Nukta 5, vipande 16. Ni nani asiyekuwa tayari kuapa kwamba nukta 6 zitatoa 32? Hesabu mwenyewe: havizidi 31. Je, namba tano za kwanza zilisema uongo? La, hazikusema kitu. Ni sisi tuliozisemea.

Hapo ndipo somo la mtoto linapomgusa polisi. Tuseme wizi umetokea tarehe 3, 10, 17 na 24. Ofisa mmoja ataingoja tarehe 31, na mwezi ukiwa wa siku 30 atangoja bure. Mwenzake atauliza kwa nini ni siku saba, agundue kwamba ndiyo siku ya gulio, nyumba zikiwa tupu. Basi gulio likihamishiwa siku nyingine, atajua lini pa kuweka ulinzi. Na ikiwa kijana fulani ameonekana hapo mara tatu kati ya nne, hiyo ni sababu ya kumwuliza, si sababu ya kumtia pingu. Huenda ni mchuuzi tu wa gulio hilo. Uhuru wa mtu hauning'inizwi juu ya namba tatu.

Na adui naye huhesabu. Doria ipitayo kila saa kamili humfundisha mwizi kanuni bila malipo. Mwaka 1932 Marian Rejewski, mwanahisabati wa Poland, alianza kuifumbua Enigma, mashine ya siri ya Ujerumani, na mlango mmojawapo alioupata ni desturi ya wapelekaji wa ujumbe kuandika herufi tatu za ufunguo mara mbili mfululizo. Kwa hiyo herufi ya kwanza ilihusiana na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita, kila siku.

Twawaomba walimu wa shule za kambini wasiitoe kanuni ubaoni kabla watoto hawajaitafuta. Nao wazazi, kiberiti kimoja chatosha. Jioni, kabla ya zamu, mpangie mwanao miraba mitano, kisha umwulize miraba 50 itahitaji njiti ngapi. Akijibu 151, usimsifu kwanza. Mwulize amejuaje.