Kadi ya Maskini na Leseni ya Muuza Sigara

Familia maskini Marekani hupewa kadi iitwayo EBT, yenye mafungu mawili. Fungu la chakula halinunui sigara. Sheria ya 1964 ilishalikataza. Ugomvi uko kwenye fungu la pili, fedha taslimu kwa familia zenye watoto.

Mwaka 2012 Bunge la nchi hiyo liliyaagiza majimbo kuzuia kadi hiyo isitumike katika maduka ya pombe, kumbi za kamari na kumbi za wacheza uchi. Jimbo litakalozembea laweza kukatwa hadi asilimia 5 ya ruzuku yake. Tumbaku haikutajwa. Massachusetts ikaongeza yake: sigara marufuku kwa fedha hizo, na mwenye duka anayepokea kadi huku akijua anatozwa faini.

Uchungu wa mlipa kodi naujua. Hela ya maziwa ya mtoto ikigeuka moshi, nani asiumie? Ila fungu hilo hutolewa pia kwenye mashine za fedha, na noti ya dola 20 ikishafika mfukoni haina alama ya ilikotoka. Anayetaka sigara atainunua. Anayebaki na aibu ni mama aliyesimama kaunta, watu nyuma yake wakimkagua kikapu.

Mimi ningeanza na aliyeko upande wa pili wa kaunta. San Francisco ilipohesabu maduka ya tumbaku, iliyakuta yamerundikana mitaa ya wanyonge kama Tenderloin kuliko mitaa ya wenye nazo. Mwaka 2014 madiwani wake wakaweka kikomo cha leseni 45 kwa kila moja ya wilaya zake 11, na kukataza leseni mpya jirani na shule. Waliokuwa nazo hawakunyang'anywa, na hilo lilikuwa haki, maana duka dogo huishi kwa mteja anayefuata sigara akaondoka na mkate pia.

Kikomo hicho hakimuulizi mtu ana kadi gani. Kinampunguzia kishawishi tajiri na maskini kwa pamoja, na mtoto atokaye shule hapishani na pakiti kila baada ya hatua chache.

Na aliyekwisha kunaswa? Tangu 2014 bima ya afya ya maskini, Medicaid, hairuhusiwi kuzitenga dawa za kuacha tumbaku. Jimbo linalomfungia mvutaji kadi lina wajibu wa kumwambia, palepale anapoipokea, kwamba dawa hizo ni zake.