Mnyororo wa Pikipiki Haumngoji Fundi

Pikipiki imekwisha kuwa chombo cha familia. Ndiyo impelekayo baba kazini kabla ya jua kuchomoza, ndiyo imrudishayo mama kutoka sokoni na fungu lake la vitunguu. Na tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua hapa Tanzania kuwa chombo cha kuchukua abiria kwa malipo, ndiyo ilipayo kodi ya nyumba katika kaya nyingi za mijini. Hata hivyo, wengi wa waimilikio hawaigusi ila kwa kitambaa cha kupangusia tangi.

Makala haya hayakusudii kumfanya kila mtu kuwa fundi. Kufungua injini, kutengeneza gia, kupima nafasi za valvu: kazi hizo mpelekee mjuzi mwenye vifaa vyake. Lakini mnyororo, mafuta ya injini na breki huhitaji kuangaliwa mara kwa mara, na mwenye kungoja siku ya fundi kwa mambo hayo aghalabu hayafanyi kabisa. Vifaa si vingi: seti ya spana, koleo, bisibisi, beseni kuukuu na mswaki uliokwisha kazi. Jihadhari tu na ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika ukurasa wa familia. Huzila pembe za nati, na nati iliyokwisha kuliwa haifunguki kwa urahisi.

Tuanze na mnyororo, au cheni kama wengi waiitavyo, kwa kuwa ndio usahauliwao kuliko vyote. Mnyororo uliolegea hauishii kupiga kelele. Huweza kuruka meno, ukatoka, ukajisokota karibu na ganda la injini, na hapo gurudumu la nyuma likaganda ghafla pikipiki ingali katika mwendo. Aliyempakia mwanawe hana la kufanya wakati huo. Uliokazwa mno nao una madhara yake, maana hula beringi za gurudumu na za giaboksi, kisha nao wenyewe huchakaa upesi.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Shika mnyororo wa chini, katikati ya magurudumu mawili ya meno, uupandishe na kuushusha kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo wake huwa kama milimita 20 hadi 30, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa katika kijitabu chake. Zungusha gurudumu kidogo kidogo ukipima tena, kwa kuwa mnyororo uliotumika hukaza hapa na kulegea pale. Kipimo chako kiwe pale palipokaza zaidi.

Ikibidi kurekebisha, chomoa pini, legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha nati za kurekebishia za pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Alama zilizo kwenye uma wa nyuma zimewekwa kwa ajili hiyo. Upande mmoja ukizidi, gurudumu hukaa mshazari, tairi na meno yakaliwa. Kaza ekseli, pima tena, rudisha pini. Kitazame na kile kibanio kidogo cha kiungo cha mnyororo: upande wake uliozibwa wapasa kuelekea kule mnyororo uendako.

Kuusafisha ni kazi ya mafuta ya taa na ule mswaki, mbali na jiko. Ukikauka, upake mafuta mazito ya gia, ya namba 90, kisha pangusa yaliyozidi. Wapo watumiao oili chafu iliyotolewa katika injini, wakidhani wanabana matumizi. Oili hiyo imebeba unga wa chuma, nao husaga kile walichotaka kukilinda. Na wapo, laiti wangekuwa wachache, wapakao mafuta huku injini ikinguruma na gurudumu likizunguka ili kazi iishe upesi. Kidole kikiingia baina ya mnyororo na meno hakitoki kizima. Zungusha kwa mkono, watoto wakae mbali.

Kuhusu mafuta ya injini, yafaa ieleweke kwamba katika pikipiki nyingi za leo mafuta hayohayo hulainisha injini, hulainisha gia, na huloweka sahani za klachi. Ndiyo sababu baadhi ya mafuta ya gari hayafai: yana dawa za kupunguza msuguano, na klachi isiyo na msuguano huteleza. Dukani tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2. Pasha injini moto dakika chache, izime, fungua boliti ya chini, na mafuta yachuruzike hadi yaishe. Usiikaze tena boliti hiyo kwa nguvu zako zote, kwani ganda ni la aluminiamu na nyuzi zake hukatika. Mafuta machafu yatie katika dumu uyapeleke gereji, usiyamwage mtaroni.

Wakati wa kubadili hupimwa kwa kilomita. Anayetembea kilomita 100 kwa siku hutimiza 3,000 kwa mwezi, na vumbi na foleni za mjini huyachosha mafuta mapema zaidi. Hapa nawakumbuka hasa vijana waendeshao kwa mkataba, ambao hupeleka hesabu kila siku hadi chombo kiwe chao. Anayeahirisha mafuta leo kwa sababu pikipiki ni ya tajiri atakabidhiwa injini hiyohiyo siku mkataba utakapokwisha.

Tumebakiwa na breki. Ukilisogeza gurudumu la nyuma ili kukaza mnyororo, breki ya ngoma nayo hujibana, hivyo irekebishe kwa nati iliyo mwisho wa fimbo yake. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Ukikanyaga na mshale ukavuka alama, bitana za breki zimekwisha. Ukiifungua ngoma usipulize vumbi lake kwa mdomo, kwa kuwa bitana nyingine zina asbesto iharibuyo mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilichoroweshwa. Kisha panda peke yako, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, ujaribu breki ya nyuma na ya mbele mara mbili tatu, ndipo umwite mtoto apande.