Kakao ya Beni, kahawa ya Kivu: mali bila daftari hupotea bila habari

Wanunuzi wa Ulaya wanauliza makoperative ya mashariki mwa Congo swali moja: gunia hili limetoka kwenye shamba gani? Koperative isiyoweza kujibu itabaki na mzigo wake kwenye depo, ao itauza kwa bei ya hasara kwa mtu asiyeuliza kitu.

Swali hilo linatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopitishwa mwaka 2023. Kakao, kahawa, mbao, mafuta ya mawese na mpira havitaingia tena katika soko la Ulaya kama vimetoka kwenye pori lililokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba linapaswa kuonyeshwa mahali lilipo: alama moja ya GPS kwa shamba dogo, na mipaka yote kwa shamba linalopita hekta 4. Kampuni ya Ulaya inayovunja sheria inaweza kutozwa faini inayofikia asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka, ao zaidi. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na sasa makampuni makubwa na ya kati yamepewa hadi tarehe 30 Desemba 2026.

Kwa wakulima wengi wa Beni, Mambasa ao Kalehe, hizi ni karatasi za wazungu. Wengine wanaogopa: mtu anayekuja kupima shamba kwa simu leo, kesho hatarudi na kodi, ao na mtu mwenye pesa anayetaka udongo huo? Woga huo una sababu katika inchi ambamo mashamba mengi yanashikiliwa kwa desturi tu, bila hati. Lakini kukaa bila kujitayarisha kuna bei yake, na Kivu inaijua.

Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha makampuni yaliyo kwenye soko lake la hisa kutangaza kama yanatumia madini ya Congo na ya inchi jirani. Mwezi wa tisa, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Migodi ilipofunguliwa tena mwezi wa tatu 2011, wanunuzi wakubwa walitaka madini yanayojulikana yametoka wapi, na vibandiko vya kuonyesha hivyo vilikuwa bado havijafika sehemu nyingi. Wachimbaji wadogo walikosa wateja, familia zikakosa karo ya shule. Madini yenyewe hayakuwa yamebadilika. Kilichokosekana ni maandishi.

Faida ya maandishi haya haiko kwa mnunuzi peke yake. Koperative ya kahawa yenye cheti cha Fairtrade inapata nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, juu ya bei. Kontena moja la magunia 320 ya kilo 60 linaleta hivyo zaidi ya dola 8.400: mashine ya kusafishia kahawa, paa la shule, ao barabara ya kufikia kituo. Nyongeza hiyo hailipwi bila orodha ya wanachama, vipimo vya mashamba na hesabu safi.

Ndani ya koperative kwenyewe, daftari ni mlinzi. Shamba dogo la hekta moja mara nyingi halifikishi tani moja ya kakao kavu kwa mwaka. Mwanachama wa hekta moja akileta tani tatu, katibu mwenye daftari ataona mara moja kwamba kuna kakao ya mwingine ndani. Huko Beni, ambako waasi wa ADF wamefukuza watu kwenye mashamba na wezi wakavuna nyuma yao, jambo hilo linagusa maisha. Mnunuzi asiyeandika kitu ni rafiki wa mwizi, hata kama hajui.

Hata benki inaelewa lugha hiyo. Koperative inayoonyesha mauzo ya miaka mitatu, shamba kwa shamba, inaweza kuomba mkopo wa kampeni bila kumpigia magoti mfanyabiashara anayenunua kakao ikiwa bado kwenye mti.

Kinachokosekana zaidi ni watu wanaojua kazi. Kijana aliyemaliza shule na mwenye simu nzuri anaweza kujifunza kwa siku chache kuchukua alama za shamba, kuandika uzito na kulinganisha hesabu. Makatibu wanahitaji muda zaidi, na mafunzo ya kurudia, kwa sababu ripoti iliyojazwa kwa kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa ripoti. Mkulima naye anapaswa kuelezwa kwa lugha yake ni nini kinachoandikwa, na kwa nini.

Lakini mzigo huo usiwekwe kwenye kichwa cha mkulima peke yake. Wauzaji wa inje na wateja wao wa Ulaya, wanaohitaji ripoti hizo, walipe sehemu yao. ONAPAC, inayosimamia mazao haya kwa jina la serikali, ilete mafunzo hadi vijijini, si mijini tu. Na takwimu zibaki mali ya koperative. Kama kampuni moja ndiyo inashika ramani za mashamba yote, mkulima hawezi kwenda kwa mnunuzi mwingine anayelipa vizuri, na daftari litakuwa limegeuka kamba.

Wako wanaosema kwamba njia ya Kasindi ipo, kakao itapita Uganda kama kawaida. Wasijidanganye. Muuzaji wa Kampala anayetafuta soko la Ulaya ataulizwa swali lilelile juu ya shamba, na gunia lisilo na jibu atalinunua kwa bei ya chini. Mavuno ya kampeni hii yapimwe na kuandikwa sasa, wakati muda bado upo.