Kipande cha Mwili Kisipoteze Mahali Pake

Walimu wengi wa anatomia hudhani ya kuwa kazi ya kuandaa vipande vya mkato wa kukingama wa mwili wa binadamu humalizika pale msumeno unapotulia. Sisi twaona kuwa hapo imefika nusu tu.

Sababu ya kukata mwili ulioganda yafahamika. Mwili ukipasuliwa ukiwa laini, hewa huingia, na viungo huteleza vikaacha mahali pake pa asili. Ndiyo maana Nikolay Pirogov, daktari mpasuaji wa Urusi, alikata maiti zilizogandishwa, na kati ya 1852 na 1859 akachapisha michoro yake. Mwaka 1994 Marekani nayo ilitoa picha za mwili wa mwanamume mmoja uliochongwa milimita 1 baada ya milimita 1. Lengo halikubadilika: kila kiungo kionekane kilipo.

Lakini yafaa nini kiungo kubaki mahali pake ndani ya kipande, ikiwa kipande chenyewe hakina mahali? Tuliwahi kumpa mwanafunzi kipande cha kiuno kisicho na alama; figo la kulia akaliita la kushoto. Kosa lilikuwa letu. Kwa desturi, mkato hutazamwa kutoka upande wa miguu, hivyo kulia kwa mwili huwa kushoto kwa mtazamaji. Asiyefundishwa hilo mezani, kesho atakosea mbele ya picha ya mgonjwa, na huko kosa halifutwi kwa kifutio.

Kwa hiyo twashauri haya. Kabla ya kukata, mistari ichorwe juu ya ngozi, na pingili ya uti wa mgongo inayolingana na kila mstari iandikwe. Kila kipande, kikishasafishwa unga wa msumeno, kipewe namba na alama ya uso wa juu. Darasani, mwanafunzi kwanza aonyeshe kwa kidole juu ya mwili wake mwenyewe mkato ulipopita, achore anachotarajia kukiona, ndipo kipande kifunuliwe.

Somo likiisha, vipande virudishwe kwa mpangilio wake. Huyo aliyeutoa mwili wake ili wengine wajifunze alikuwa mtu mmoja. Tusimwache akawa rundo la vipande.