Chupi ya pamba yetu ishonwe Pwani

MWAKA 2009 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilipiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mitumba. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya mlaji, na ilikuwa sababu ya msingi. Tatizo ni kwamba mlango uliofungwa kwa mtumba haukufunguliwa kwa kiwanda chetu.

Nafasi ile imejazwa na chupi na sidiria mpya za nailoni na poliesta kutoka nje, na mitumba yenyewe bado hupenyezwa kwa njia za panya. Kwa joto la Pwani, vitambaa hivyo havinyonyi jasho kama pamba. Anayeumia zaidi ni mama anayeshinda shambani tangu alfajiri.

Wakati huo huo, pamba tunayo. Simiyu, Shinyanga na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa huilima kwa kutegemea mvua na kuichuma kwa mkono. Meatu kuna wakulima wanaolima pamba hai, bila dawa za viwandani, chini ya mradi wa bioRe ulioanza mwaka 1994. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa marobota ya nyuzi ghafi, na ajira za kusokota, kufuma na kushona huondoka nayo.

Sisemi mkulima wa Vihingo, wilayani Kisarawe, aache korosho na muhogo apande pamba. Uzaramo unaijua historia hiyo. Mashamba ya pamba ya majumbe, yaliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, yaliwalazimisha watu kulima zao lisilowanufaisha, na chuki ile ilichangia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ninachosema ni kwamba Vihingo inaweza kushona.

Chupi hutumia kitambaa kidogo na husafirishwa kwa urahisi. Lakini haishonwi kwa khanga au kitenge, kwa kuwa havivutiki. Inahitaji kitambaa cha fulana, lastiki nzuri na mashine ya ovaloki. Fundi wa kijijini hawezi kuagiza mzigo wa kitambaa kutoka kiwandani peke yake, ila kikundi kinaweza. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ingefaa kununua mashine hizo badala ya kuishia kwenye biashara zile zile za kuuza vitu vya wengine.

Tusidanganyike pia na lebo. Siku hizi nguo za ndani za "mianzi" husifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Nyingi ni viskosi, yaani mti ulioyeyushwa kwa kemikali kali na kugeuzwa uzi. Mwaka huo huo wa 2009, tume ya biashara ya Marekani iliwashitaki wauzaji kwa kuiita nguo ya namna hiyo mianzi.

Mnunuzi anaweza kujipima mwenyewe. Choma uzi mmoja: poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu. Lakini viskosi nayo huungua kama pamba, hivyo kiberiti hakitoshi. Lebo lazima iseme ukweli, na TBS iisimamie kwa ukali ule ule iliouonyesha kwa mtumba.

Kibaha inajengwa viwanda kila kukicha. Katika viwanda hivyo, kimoja cha kufuma kitambaa cha fulana kwa pamba ya Simiyu, kinachokubali kuuza hata mzigo mdogo kwa vikundi vya mafundi, kingetosha kuanzia. Marufuku bila uzalishaji ni kumvua mwananchi nguo bila kumpa nyingine. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zikae pamoja zilianze jambo hili.