Staa Kavua Kapelo, Kipara Hakipo! Ila Tuongee Ukweli

Wadau, mmemuona yule msanii ambaye kapelo ilikuwa haitoki kichwani? Juzi kaibuka na nywele mpaka mbele, na inbox yangu imejaa swali moja: katumia nini?

Hiyo ni siri yake. Ila jina mnalolitaja sana kwenye DM ni finasteride. Kidonge hiki kilianza kama dawa ya tezi dume, Marekani ikakiruhusu kwa kipara mwaka 1997. Kinafanya kazi, sibishi. Tatizo ukiacha, ndani ya mwaka nywele zinaondoka tena. Yaani una miaka 25, utameza kila siku mpaka uzeeni!

Na kwa baadhi ya wanaume kinashusha hamu ya tendo na nguvu za kiume. Wapo wanaolalamika hali haikurudi hata walipoacha. Sasa mji huu watu tunagombania supu ya pweza, halafu umeze kitu cha kukurudisha nyuma ili ung'ae Insta?

Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni moja ya madhara yake. Kinashusha pia kipimo cha damu cha tezi dume karibu nusu, daktari asipojua unakitumia, saratani inaweza kumpita.

Ndio maana kukinunua kienyeji Kariakoo bila kupimwa sikuelewi kabisa. Nenda kwa daktari wa ngozi, na kama uliwahi kupata sonona mwambie.

Mimi zangu zikianza kukimbia nanyoa zote. Na yule staa, kapelo ilikuwa inamtoa vizuri tu.