Wana Mtendeni, Tuunde Ushirika wa Asali

Ndugu zangu wa Mtendeni, nawaletea habari za seminari ndogo ya Kiyahudi iliyo kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, Uganda. Zinatuhusu.

Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza, aliingia dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Ndio wanaoitwa Abayudaya. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakaiacha, wakabaki mia chache waliosali kwa kujificha. Gershom Sizomu alikuwa mtoto wakati huo. Ukubwani alikwenda Los Angeles, akasoma katika chuo cha marabi cha Ziegler, akapewa urabi mwaka 2008. Kisha akarudi kwao Nabugoye na kufungua seminari, ili Mwafrika aisome Torati bila kuvuka bahari. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge wao.

Imani hiyo ya majirani haikuja bure. Kaka yake Sizomu, J.J. Keki, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akayaona kwa macho yake mauaji yaliyotendwa kwa jina la dini. Aliporudi nyumbani alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba majirani wauze kahawa yao pamoja. Mwaka 2004 wakaunda ushirika wa Mirembe Kawomera kwenye miteremko ya Mlima Elgon: Wayahudi, Waislamu na Wakristo, na uongozi wakagawana. Wakampata mnunuzi California aliyewalipa bei nzuri kuliko walanguzi.

Sasa tujitazame. Mji wetu wa Tabora umekuzwa na njia ya misafara. Waislamu wa Pwani na Oman walitangulia, wamisionari wakafuata, na Kipalapala ina seminari kuu tangu 1925. Tunaoleana, tunaalikana Idi na Krismasi, tunazikana vizuri sana. Lakini mfukoni kila mtu yuko peke yake, na mlanguzi wa asali analijua hilo kuliko sisi. Ananunua kwa huyu kwa bei yake na kwa yule kwa bei yake, wala hatuulizani.

Asali ya miombo ya Tabora ina sifa nchi nzima. Nasi tuunde ushirika wetu wa kuiuza pamoja. Naomba maimamu walitangaze jambo hili Ijumaa, mapadre na wachungaji Jumapili. Mwenyekiti akitoka msikitini, mweka hazina atoke kanisani, na kila mwaka wapokezane. Mafrateri wa Kipalapala na vijana wa madrasa waje wakae meza moja, watutunzie daftari za mapato. Afisa ushirika wa manispaa tumwite mapema atueleze taratibu za kujiandikisha.

Wewe mwenye mizinga, hata kama ni miwili tu, usingoje mkutano. Mfuate jirani yako wa dini nyingine leo jioni, mwulize mwaka huu aliuza asali yake kwa bei gani.